Yowe Lililokwenda Ulaya

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Naogopa maji yaendayo kasi, naogopa nyoka, radi, mbwa wa watu, na hata jogoo akinitazama vibaya huwa nazunguka njia nyingine. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akisema kwamba siku Mungu anagawa woga nilipanga foleni mara mbili. Mama yetu yeye nadhani hakuwepo kabisa siku hiyo. Alizaliwa kando ya mto Kilombero, Mndamba wa mtumbwi na migono, ile mitego ya samaki ya kusukwa, na alikuwa akipita karibu na viboko huku anatafuna muwa. Watu walimtazama, wakanitazama mimi, wakauliza kama kweli ni mwanawe.

Miaka ile ya tisini, kila msimu wa mpunga tulifunga nyumba yetu ya Mlabani, mjini Ifakara, tukahamia shambani, upande wa Namawala. Nilikuwa nimeshaolewa na nina binti mmoja mdogo, lakini mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa na hakuonekana mpaka likizo. Kwa hiyo huko shambani tulikuwa mama, mimi na binti yangu. Tulikaa kwenye kibanda cha matete tangu kupanda mpaka kuvuna. Katikati ya mpunga palikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, ambako mtu hushinda juu akiamia ndege kwa teo na kelele. Kila shamba lilikuwa na dungu lake. Kutoka letu uliweza kuyaona ya majirani yakiwa madogo kwa mbali, na kati yetu nao kulikuwa na matope, maji, na matete yanayomzidi mtu urefu.

Huko hakukuwa na simu wala polisi wala mlango wa jirani wa kugonga. Tulikuwa na yowe tu. Ukipatwa na jambo, iwe nyati, mamba, moto au mtoto katumbukia, unapiga yowe: sauti moja ndefu inayopanda, inakatika, inapanda tena. Anayelisikia anaacha alichoshika, anapiga lake ili wa mbele yake naye alisikie, kisha anakimbia kulifuata la kwanza. Hakuna kuuliza kwanza, na hakuna cha sijui sufuria iko motoni. Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa tulikuwa hatupatani nao katika mengi, hasa ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, lakini katika hili tulikuwa kitu kimoja. Wao waliita mwano, na sheria yao juu yake ilikuwa kali kuliko yetu.

Niliwahi kuwaona watu wakiitikia yowe. Walitoka kila upande, wenye mikuki, wenye mapanga, na mama mmoja aliyekuja na mwiko wa ugali mkononi. Kuanzia siku hiyo niliweza kulala kule porini. Nilijua kwamba hata mimi mwoga, siku yangu ikifika, nitafungua mdomo na watakuja.

Mdogo wangu alibaki mjini. Alikuwa amemaliza shule, hana kazi, anashinda kwenye banda la video. Huko akawaona vijana wa Ulaya na Marekani wanaoimba kwa kujipanga mstari, hawapigi gitaa wala ngoma, kazi yao ni kuimba, kurusha mikono pamoja na kumsikitikia msichana. Aliporudi nyumbani alikuwa amepagawa. Akatafuta wenzake watatu: wawili wa kwaya ya kanisani, na wa tatu kijana wa Kisukuma, mtoto wa mzee mfugaji aliyepakana na shamba letu, ambaye alikuwa mjini kwa ndugu zake kwa ajili ya shule. Fundi cherehani akawashonea mashati meupe yanayofanana. Mazoezi walifanyia nyuma ya nyumba yetu, wakizikanyaga bamia za mama.

Wimbo wao ulihusu msichana aliyeondoka, kama zilivyo zote. Ulikuwa mzuri wa kawaida tu. Kisha siku moja yule kijana wa Kisukuma, kwa mzaha, akaufungua kwa mwano. Mdogo wangu, mwenye sauti ya juu, akaudaka palepale akaupiga yeye, na wenzake wakamwitikia kwa sauti tatu zilizopangika, ya chini, ya kati na ya juu. Nilikuwa nimekuja mjini kuchukua chumvi na nilikuwa nimekaa uani napeta mchele. Nilijikuta nimesimama, mchele wote umemwagika.

"Hiyo msiimbe," nikawaambia.

"Kwa nini, dada? Si ndiyo inayoshtua?"

"Ndiyo maana. Siku mtu akilia kweli je?"

"Dada, hapa Mlabani. Nani ataliwa na mamba Mlabani?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi niliokota mchele wangu punje kwa punje, nikiwa na hasira.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kwa shughuli za utafiti wa mbu, kazi yake kutega mitego vijijini na kuhesabu waliomo. Alipenda muziki kuliko mbu. Alikuwa na mashine nzuri ya kurekodi, na huko kwao kaka yake alikuwa na kampuni ndogo ya kutoa nyimbo. Akawarekodi vijana wetu kwenye ukumbi mmoja mjini, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Mdogo wangu alinisimulia kwamba yowe lilipopigwa Mzungu alifumba macho kwa raha, akaomba warudie. Hakuuliza ni kitu gani, na wao hawakumwambia. Kanda ikaondoka naye alipokwenda likizo.

Baada ya muda zikaja habari kwamba wimbo utatolewa peke yake, wenyewe wanaita singo, na utauzwa katika nchi kadhaa.

"Dada, tumetoka kimataifa!" mdogo wangu aliniambia, amekaa kwenye kigoda, miguu ina vumbi.

Mzungu aliporudi alileta sahani ya muziki inayong'aa, ambayo hatukuwa na chombo cha kuipigia. Tuliitazama tu, tukaipokezana kwa kuishika pembeni. Kwenye jalada walikuwa wamesimama wote wanne na mashati yao meupe, na nyuma yao wamechorewa twiga, mnyama ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Kaseti zingefuata baadaye. Kwa hiyo watu wa huko nje waliusikia wimbo kabla yetu. Nimewawaza sana watu hao. Yowe la mdogo wangu liliwafikia jikoni na kwenye magari yao, na hawakukimbia, wala siwalaumu.

Sisi tulikimbia. Ulikuwa msimu ambao mpunga unaanza kujaa maziwa na kweleakwelea wanakuja kama wingu. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa atuletee unga kutoka mjini, na njia ilikuwa na maji sehemu nyingi. Mama alikuwa anapalilia, mimi niko juu ya dungu na binti yangu. Mchana ukiwa umetulia, nikasikia yowe. Halikuwa la mtu yeyote tu. Lilikuwa la mdogo wangu, sauti yake kabisa, ikipanda, ikikatika, ikipanda.

Mama alitupa jembe. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo, na alikimbia huku analitaja jina la mwanawe. Mimi niliteremka dungu kwa kuanguka, nikamburura mtoto kwenye maji ya mpunga. Kila dungu lilikuwa linapiga yowe sasa. Watu wanatoka kwenye matete, mikuki inawaka jua, yule mzee mfugaji mbele yetu na vijana wake. Kichwani nilikuwa nimeshaona maiti. Nilikuwa nimeshaona jeneza, na fundi anaulizwa kama shati jeupe lile linafaa kuzikia.

Tukafika kwenye dungu la jirani mmoja aliyependa mambo ya mjini. Alikuwa ametundika redio yake kubwa kwenye nguzo, sauti mpaka mwisho, maana redio nayo inasaidia kufukuza ndege. Ilikuwa idhaa ya Kiswahili ya huko Ulaya. Yowe lilikuwa linarudiwa katikati ya wimbo; likakatika, zikarudi ngoma za mashine, na mdogo wangu akaendelea kumsikitikia yule msichana.

Tulisimama pale na mapanga yetu. Jirani alikuwa anacheza juu ya dungu, akatuona, akasema, "Jamani, mmesikia? Ni watoto wetu!" Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenea, kile kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia. Mama alikaa kwenye matope, akajifunika uso kwa kanga. Mzee mfugaji hakucheka. Aliisikiliza redio mpaka wimbo ukaisha, na ndani yake alikuwepo mwanawe, sauti ya chini.

"Mwano hauchezewi," alisema. Akageuka, akaenda zake.

Mdogo wangu alifika jioni ile, mzima, na unga wake begani. Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. Mimi nilitaka kumpiga la pili.

Baada ya hapo wimbo ukawa wa bonde zima. Kaseti zilifika, zikarekodiwa upya madukani Ifakara, na mashambani watoto wakaugeuza mchezo. Wa dungu moja anapiga yowe, wa madungu mengine wanaitikia kwa zile sauti tatu. Watu wazima walifurahi, wakasema unafukuza ndege kuliko debe. Binti yangu alifundishwa sauti ya kati na mjomba wake mwenyewe, na aliiweza vizuri sana.

Mwanzoni moyo wangu ulikuwa unalipuka kila wanapoanza. Kisha siku moja nikasikia yowe nikaendelea kumenya muhogo. Nilipotambua nilichofanya, kisu kilinitoka mkononi. Niliogopa siku hiyo kuliko siku ya redio, kwa sababu kama mimi, mwoga wa waoga, nimeketi, basi nani atasimama? Nilimwambia mama. Akaniambia niache kulowa kabla ya mvua.

Aliyeendelea kusimama alikuwa yule mzee peke yake. Alikuja kwetu asubuhi moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kukaa.

"Kwangu wimbo ule hauimbwi," alisema. "Redio nimeizima. Lakini mimi nikisikia mwano, nakuja. Wawe watoto, wawe ndege, mimi nakuja."

Na kweli alikuwa anakuja. Watoto waligundua, wakawa wanafanya makusudi. Wanapiga yowe, halafu wanamtazama kwa mbali mzee wa watu akikata matope na mkuki wake, shuka inapepea, na anapofika wanaangua kicheko. Anawatazama, anahema, anarudi kwa ng'ombe wake. Wengine walisema amechanganyikiwa. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, nikatamani aache.

Siku ya siku ilikuwa angavu, haina dalili yoyote. Maji ya mto yalikuwa bado hayajarudi yote, na mkono mmoja wa mto uliopita mwisho wa shamba letu ulikuwa umejaa na unakwenda kwa nguvu. Mama alichukua mtumbwi kwenda kukagua migono yake ng'ambo. Mimi nilikuwa ukingoni nafua, mbali na maji kadiri mtu anavyoweza kufua akiwa mbali na maji. Binti yangu alikuwa juu ya dungu anaamia, na matete yalimficha mto asiuone.

Gogo lilikuja na mkondo, limezama nusu. Mama alilisukuma kwa pondo, likageuka, likaubeba mtumbwi ubavuni. Niliona nyayo zake hewani. Mtumbwi ukaenda zake umefunikwa, na mama akaibuka chini zaidi, ameshika fungu la matete katikati ya maji, na kamba za migono zimemnasa mguu. Kidevu kilikuwa juu ya maji. Kila wimbi dogo likipita, kilizama.

"Usiingie!" alipiga kelele. "Wewe hujui maji! Ita watu!"

Niliita. Nilifungua mdomo nikapiga yowe kwa nguvu zote za woga wangu wa miaka yote, likapanda, likakatika, likapanda tena.

Aliyenijibu kwanza alikuwa mwanangu. Kutoka juu ya dungu, kwa sauti safi, aliniitikia sauti ya kati.

Kisha dungu la pili likaingia na sauti ya chini. Kisha la mbali, sauti ya juu. Nikapiga tena, nikalia, nikasema, "Jamani, mama anakufa!" lakini maneno hayafiki mbali, yowe ndilo hufika, na kila nilivyolipiga ndivyo walivyozidi kunogewa. Bonde zima liliniitikia. Liliimba vizuri, limepangika, mpaka mtu mmoja akaongeza makofi. Mama yangu alikuwa anazama na mimi nilikuwa naimbiwa.

Sijui nilipiga mara ngapi. Sauti ilikuwa imekauka na nilikuwa nimeshaingia kwenye maji mpaka magotini, miguu haitaki kwenda mbele, nilipomwona mzee anatoka kwenye matete. Amechoka, anakimbia vibaya, mkono ubavuni. Usoni alikuwa na ile sura ya mtu anayekuja kuchekwa tena. Kisha akanitazama, akatazama maji.

Alikuwa na kamba ya kufungia ndama kiunoni. Akafunga ncha moja kwenye kisiki, ya pili akajifunga mwenyewe, akanipa katikati nishike. "Usiachie," alisema, akaingia. Maji yalimfika kifuani, shingoni, akateleza, akapotea, akaibuka. Kamba ilinichuna viganja. Alimfikia mama wakati kidevu hakionekani tena, nikaona kisu chake kikizama kukata kamba za migono, na nikavuta. Nilivuta kwa mgongo, kwa meno, kwa kila kitu.

Mama alilala ukingoni akatapika maji. Mzee alikaa kando yake, anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana ingawa jua lilikuwa kali. Nilipiga magoti kumshukuru.

"Nayaogopa sana maji, mwanangu," aliniambia. "Kwetu tulikotoka hatukuwa na mto kama huu."

Huko nyuma walikuwa bado wanaimba.

Binti yangu alishuka dungu baadaye, akatukuta kibandani, bibi yake amefunikwa mablanketi. Akakaa karibu yangu, akaniambia taratibu, asiniudhi, "Mama, leo ulikuwa unakosea. Unaanza tena kabla hatujamaliza." Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, na hakujua ni kwa nini.

Mdogo wangu alikuja siku chache baadaye, amejaa furaha, kwamba wimbo unatolewa katika nchi nyingine tena. Mama akamsimulia. Yeye ndiye aliyesimulia, mimi nisingeweza bila matusi. Aliondoka palepale kwa baiskeli, akamtafuta Mzungu, akamwomba lile yowe litolewe kwenye wimbo. Mzungu alishtuka, kwa kweli alisikitika, akapeleka ujumbe kwao. Jibu likaja kwamba nakala zilizouzwa zimeuzwa, na hizo nyingine zimeshachapwa. Basi likabaki huko nje, linapigwa na watu wasio na neno nalo. Hapa nyumbani vijana hawakuliimba tena, na baada ya muda kundi lenyewe likafa, kila mmoja akashika lake.

Mama aliomba ile kaseti ya kwetu. Akachomoa utepe wote, akaufunga kwenye miti na kuutandaza juu ya mpunga, kama tunavyofanya na kaseti mbovu, maana utepe ukipigwa na upepo unavuma na ndege hawaupendi.

"Angalau ufukuze ndege," alisema. Ulivuma msimu mzima.

Watu wa mashamba yote tulikutana kwenye boma la mzee mfugaji, Wandamba, Wapogoro na Wasukuma, pamoja na yule jirani mwenye redio, ambaye hakuinua kichwa. Wazazi wa watoto wale walikuja nao kumwomba mzee radhi. Aliwaitikia wote. Kisha tukakubaliana mlio mpya, tukaujaribu pale pale mara moja tu, kwa sauti ya chini, tukaapa kwamba hautapigwa kwa mchezo wala kufundishwa mjini.

Mzee alishafariki, na mama pia, kwa uzee, kitandani pake. Siku hizi watu wana simu mpaka shambani. Lakini simu huisha chaji, na mimi ni mwoga, kwa hiyo binti yangu nilimfundisha ule mlio, na wajukuu wangu nimewafundisha. Mdogo wangu husema nikiandika habari hizi nisiache kueleza ulivyo, maana ni historia. Sitauandika. Nawajua watu: mtaimba.